Mistari Aliyoifuta Ézéchias

Siku tuliyomzika mdogo wangu Ézéchias, binamu yetu alisoma maisha yake mbele ya jeneza, kama tunavyowafanyia marehemu wote hapa Butembo. Ulikuwa ukurasa mmoja. Alizaliwa Masereka, akabatizwa, akasoma, hakuoa, "alikuwa fundi wa ma-ordinateur," yaani kompyuta. Watu wakaitika kwa vichwa, wanakwaya wakaanzisha wimbo, na udongo ukafuata. Simlaumu binamu, kwa sababu hakuna aliyejua kusema zaidi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikielezwa kazi yake, jioni kwa jioni, yeye akiwa ameketi kwenye kigoda cha jikoni na mimi nikichambua maharagwe. Nimeona niiandike kama nilivyoielewa. Jina langu ni Kavira Mariette, nafundisha darasa la pili. Nina diploma ya État, ile ya kumaliza sekondari, sina elimu nyingine. Anayejua zaidi anisamehe.

Ni kweli kwamba mchana alitengeneza mashine za watu. Alikuwa na karakana ndogo pamoja na rafiki yake Edmond, katika uchochoro unaotazamana na duka la baba yetu mdogo, Syauswa. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine, na hakuna mtu wa mtaani aliyewahi kuiona.

Alinieleza hivi. Kila kifaa kilicho ndani ya ordinateur, kiwe cha sauti, cha kuchapisha au cha redio, kina lugha yake. Mashine haijui lugha hiyo mpaka ipewe programu ndogo inayoijua. Mafundi wetu huiita pilote. Pilote imeandikwa mstari kwa mstari, na miaka inavyopita mistari inaongezeka. Vifaa vinachakaa, viwanda vinafungwa, lakini mistari iliyoandikwa kwa ajili yao inabaki humo, haiitwi na chochote, haifanyi kazi yoyote. Kosa linaweza kujificha ndani yake na mtu asilione. Basi kuna mfumo mmoja wa bure ambao watu wa nchi nyingi wanautunza pamoja bila kuonana, na kati yao wako wanaopita ndani ya pilote za zamani wakitafuta mistari isiyotumika, wakiifuta kwa uangalifu. Ézéchias alikuwa mmoja wao.

"Yaya," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "ni kama shamba ya viazi ya nyanya kule Masereka. Mutu anaona majani mingi anasema shamba iko muzuri. Lakini kiazi haionekane."

Akinieleza hivyo uso wake ulikuwa unang'aa. Tangu utoto alikuwa mtu wa kunyamaza, mtu wa kupanga viatu vya wenzake mlangoni bila kuambiwa. Nadhani katika kazi ile alikuwa amepata mahali ambapo tabia yake ilikuwa na maana.

Badiliko lake la kwanza kupokelewa lilihusu pilote ya kadi fulani ya redio. Kadi hiyo inachomekwa kwenye mashine, inafungwa kwenye antena, na inatuma maandishi hewani hata mahali pasipo na mtandao wa simu. Ilikuwa na matoleo mawili. Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro, na maandishi yote ya kiwanda yalisema halikuuzwa kamwe, liliharibiwa lote. Lakini pilote ilikuwa imeandikwa kabla ya hapo, na mistari mingi ya toleo lile ilikuwa bado imelala humo. Ézéchias aliisoma, akahakikisha, akawauliza watunzaji wenzake duniani kama kuna anayeimiliki kadi ile. Ndiyo desturi yao: unauliza, unangoja, na kimya kikiwa kirefu unahesabu kwamba hakuna mtu. Hakuna aliyejibu. Akaifuta. Mtunzaji wa sehemu ile, bwana mmoja wa mbali, akaipokea kazi yake na kumwandikia kwamba ilikuwa safi.

Mama aliposikia jina la mwanawe limeingia katika kazi ya dunia nzima, aliomba misa ya shukrani. Baada ya misa tulikula nyumbani, ugali na samaki wa Kyavinyonge, na Baba Syauswa akaanza maneno yake.

"Misa ya shukrani juu amefuta? Basi siku ataandika, tutachinja nini? Ngombe mbili?"

"Baba mudogo, kuandika kila mutu anaandikaka," Ézéchias akajibu huku akicheka. "Kufuta bila kuharibu, njo kazi."

"Hata mie niko nafuta. Kila mwezi nafuta madeni ya batu hawanilipe. Mbona padri hanisomee misa?"

"Syauswa," mama akasema, "kula samaki, unyamaze."

Nilikuwa na furaha siku hiyo. Ninaiandika kwa sababu sijapata nyingine kama hiyo tangu hapo.

Miezi ikapita. Mchana mmoja nilimpelekea Ézéchias chakula karakanani, nikamkuta mwanamke amesimama mlangoni na vumbi la safari miguuni. Alikuwa Bénite, muuguzi wa kituo kidogo cha afya upande wa Mabalako. Alikuwa amekuja Butembo kuchukua dawa, na mtu alikuwa amemwelekeza kwetu.

"Ni weye Ézéchias? Banasema unajua pilote."

"Najaribu, mama."

Akaeleza. Kituoni kwake hakuna mtandao wa simu mpaka upande kilima. Walikuwa na ordinateur, betri ya jua na kadi ya redio, na kwa njia hiyo waliandikia hospitali ya Beni wakihitaji ambulance. Kisha mashine ikapelekwa mjini kuwekewa mfumo mpya. Iliporudi, kadi haikusema tena.

"Machine inasema haiione. Mais kadi iko pale, naigusa na mukono!"

Alitoa simu, akamwonyesha picha ya kadi. Ézéchias aliikuza picha kwa vidole viwili, akasoma namba iliyochapwa pembeni. Akaisoma tena.

"Hii haiwezekane," akasema. "Hii ni ile ya kwanza. Haikutokaka mu kiwanda. Baliiharibu yote. Mama, nani aliwapatia?"

Baba Syauswa alikuwa ameketi mbele ya duka lake, ng'ambo ya uchochoro, na masikio yake hayakosi kitu. Akaja na kutazama picha kutoka begani kwa Ézéchias.

"Ah! Hii ni yangu! Kontena ya Dubai, ile ya mafeni. Kulikuwa carton muzima chini kabisa. Ba-padri balinunua moja kwangu juu ya centre ya afya."

"Baba mudogo, banasema haikuuzwa."

"Banani banasema? Mie njo niliuza! Kiwanda ikisema imetupa kitu, inaitupa wapi? Inaiuza kwa kilo, tunaleta. Hapa Butembo rejet, kitu bamekataa, ni marchandise ya kuuza. Weye ulikulia mu dépôt yangu, kati ya ma-carton, unaniuliza ile?"

Edmond alicheka. Mimi pia nilicheka, maana sikuwa nimeelewa bado. Ézéchias hakucheka. Alikaa chini polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

Aliniambia baadaye jambo moja, na sijui niliandikeje bila kumwonea. Mtu wa nchi nyingine angesamehewa kuamini maandishi ya kiwanda. Lakini sisi tumevaa, tumepikia na tumesomea vitu vilivyokataliwa kwingine. Redio ya baba yetu ilikuwa rejet. Taa aliyosomea mtihani wa État ilikuwa rejet. Mtoto wa Butembo ndiye peke yake, kati ya wale wote waliosoma mistari ile, aliyepaswa kujua kwamba kitu kikitupwa huko hakijafa, kiko njiani kuja kwetu. Alikuwa ameuliza dunia nzima. Hakumwuliza mzee aliyekaa ng'ambo ya uchochoro.

"Zingine uliuza wapi?" akauliza mwishowe.

"Zingine? Hazikukuwa na muteja. Moja ilienda Kyavinyonge, kwa ba-pêcheur ba samaki, unyevu ya ziwa ikaimaliza. Zenye zilibakia nilitupa. Ya centre njo ya mwisho."

Ndipo Bénite akasema jambo zito zaidi. Hakulisema kwa kulaumu. Alikuwa akieleza tu kwa nini amekuja mwenyewe badala ya kutuma mtu. Mama mmoja aitwaye Kanyere alikuwa amefika kituoni na uchungu wa kuzaa uliokwama. Bénite aliandika kwenye mashine, akaandika tena, kadi ikabaki kimya. Akamtuma mtu kilimani apige simu, mtandao haukuwepo. Akamtuma mtu wa pikipiki mpaka hospitali. Ambulance ilipofika, Kanyere alikuwa amefunikwa, na mtoto wake pamoja naye.

"Mama Bénite," Ézéchias akasema, "ni mimi niliifuta."

"Ulifuta nini?"

Akamweleza kila kitu, bila kujificha nyuma ya kiwanda wala ya watunzaji wengine. Bénite alisikiliza akiwa ameshika mkoba wake wa dawa kifuani. Nilingoja alie au amtukane.

"Kanyere ameshazikwa," akasema. "Sikuje kutafuta mwenye kosa. Urudishe."

Kuanzia hapo mdogo wangu alikuwa na jambo hilo moja tu duniani. Kuiandika upya mistari kwenye mashine yake haikuwa kazi, alikuwa nayo bado. Lakini watunzaji hawapokei kitu ambacho hakijajaribiwa kwenye kadi yenyewe. Na kadi haikuweza kuja Butembo. Toka kule hadi hapa kuna vizuizi vya askari, na raia akikutwa na kifaa cha redio katika begi, ataulizwa anawasiliana na nani porini. Watu wamepotea kwa kitu kidogo kuliko hicho. Kwa hiyo yeye ndiye alipaswa kuifuata.

Mama alisimama mlangoni.

"Hapana kuenda. Ile barabara inakula batu, unajua."

"Najua, mama."

"Utume Edmond aandike barua, abaeleze. Weye ubakie."

"Mama, nilifuta nikiwa nimekaa hapa kwa kiti. Nirudishe pia nikiwa nimekaa?"

Mimi nilimwambia angoje barabara itulie. Akaniuliza, "Itatulia lini, Yaya?" Mama alimfanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Akapanda gari la Beni, na kutoka Beni akachukua pikipiki.

Yaliyofuata nimeyajua kwa kinywa cha Bénite. Alifika salama. Hakutaka kula kwanza. Alifungua mashine ya kituo, akarudisha ile mistari, akaijenga pilote upya, na kadi ikaonekana. Bénite akaandika salamu kwa hospitali. Jibu likarudi: "Tunawasoma. Mulikuwa wapi siku zote hizi?" Wagonjwa waliokuwa kwenye veranda walipiga makofi. Ézéchias alifunika uso kwa koti lake. Kisha akapanda kilima na kutuma ombi lake kwa watunzaji, pamoja na ushahidi kwamba kadi ipo na inafanya kazi. Maana bila mistari kurudi katika mfumo wenyewe, siku mashine ile itakapowekewa mfumo mpya, kadi itanyamaza tena.

Asubuhi yake aliondoka na mwendesha pikipiki aitwaye Jacob. Walikutwa na waasi njiani, kabla ya kufika Beni. Sitaandika waliyofanyiwa. Mama yangu atasoma karatasi hii.

Baada ya maziko nilikaa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilisali rozari kwa sababu midomo imezoea. Nikifika kwenye "mapenzi yako yatimizwe," sauti ilikuwa inakataa kutoka, na wanawake wenzangu wa kikundi walisema maneno hayo bila mimi. Padri aliniambia Mungu anaipokea hata sala isiyokamilika. Ninamwamini padri. Lakini sikupata nafuu.

Ndipo Edmond akaja na mashine ya Ézéchias chini ya koti. Jibu la yule bwana wa mbali lilikuwa limefika. Edmond anasoma Kiingereza, akanitafsiria. Bwana alisikitika kwamba ufutaji ule ulileta madhara. Alikuwa tayari kuirudisha mistari, na jina la Ézéchias likae juu yake kama mwandishi. Ila aliuliza kama kuna mtu anayeitumia kadi hiyo ambaye atakubali kuijaribu kila pilote inapobadilishwa. Mistari isiyo na wa kuijaribu, alisema, haiwezi kukaa.

Sikuweza kumkasirikia. Ni maneno ambayo mdogo wangu mwenyewe angeyaandika.

"Bénite atakubali," nikamwambia Edmond. "Na weye utamuonyesha namna."

Tukapata tumaini. Nalisema wazi: kwa siku chache niliamka nikiwa na sababu ya kuamka. Kazi ya mwisho ya Ézéchias ingesimama. Kilichomtoa nyumbani kisingekuwa bure. Tulimpigia Bénite simu tukijua lazima apande kilima ili aipate. Haikuita. Tukaendelea kupiga.

Alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye lori pamoja na wakimbizi wengine kutoka upande wa Mabalako, na parokia ikawapa ukumbi wa kulala. Mimi nilikwenda kumtafuta humo, nikamkuta akimpanguza mtoto ambaye si wake. Waasi walikuwa wamefika kituoni. Yeye alikuwa shambani, ndiyo maana yu hai.

Edmond aliuliza kwa aibu, akitazama sakafu, "Na machine, mama? Kadi?"

"Hata mabati zilijikunja," Bénite akasema. "Nilitafuta mu majivu. Nilitafuta, Mariette, juu ya Ézéchias wenu. Hakuna kitu."

Tulirudi kwa Baba Syauswa. Nilimwomba apekue dépôt yake, ghala la bidhaa zake, pengine kadi moja ilibaki chini ya kitu. Hakufanya utani wowote. Alivua shati, akatoa katoni zote nje, moja baada ya nyingine, akaamuru na rafu ziondolewe ukutani. Alitoka na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaketi juu ya mzigo wa mabeseni, akalia kwa sauti, mzee yule, mbele ya wateja.

"Nilitupa," alikuwa akisema. "Mutoto wa kaka yangu. Nilitupa mie mwenyewe."

Jioni hiyo Edmond alifungua mashine jikoni kwetu, juu ya meza.

"Yaya, tujibu ndiyo."

"Ndiyo ya nini? Kadi iko wapi?"

"Ni mistari kidogo. Itabakula nini? Kila mara bakiuliza, nitaandika kama nimejaribu, iko muzuri. Nani atakuja huku kuangalia?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na jina yake itabakia, Yaya. Mu machine ya dunia muzima. Unataka abakie na ile moja tu, ya kufuta?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu ndilo nililokuwa nikiliwaza mwenyewe. Jina lake lipo sasa juu ya kazi moja tu ya kadi ile, na ni kazi iliyomuua Kanyere na mtoto wake, kisha yeye. Neno moja tu lingetosha kuweka juu yake kazi ya pili. Nani angeumia? Nilitoka nje, nikasimama karibu na tanki la maji. Nilimwomba Mungu aniambie kwamba uongo huo si dhambi. Nilingoja kweli. Majirani walikuwa wanapika, mbwa walibweka upande wa soko, na hakuna kingine.

Nikamfikiria mdogo wangu akihangaika kwa sababu aliamini maandishi yaliyosema jambo lisilo kweli. Kuna mtu mahali fulani, mwenye utulivu kama wake, ambaye angeisoma mistari ile miaka ijayo na kuamini kwamba huku kwetu kuna kituo, kuna muuguzi, kuna kadi inayosema. Angeilinda. Angejitaabisha kwa ajili ya majivu. Sikuona faraja yoyote katika wazo hilo. Niliona tu kwamba siwezi.

Nikarudi ndani, nikamwambia Edmond aandike: aliyeomba mistari irudishwe ameuawa, na mahali ilipokuwa kadi pamechomwa. Hakuna anayeitumia tena. Edmond aliandika akisonya, akafuta, akaandika upya, akatuma bila kunitazama. Hakurudi kwetu kwa muda mrefu.

Bwana yule alijibu kesho yake, na Edmond akanitumia tafsiri kwa simu. Mama alikuwa uani akimenya mihogo. Aliniona nikitoka na simu mkononi.

"Bamesema nini?"

"Bamesema pole, mama. Na wasingya, asante, juu tumebajibu."

"Na mistari yake?"

"Itabakia imefutwa."

Mama aliitika kwa kichwa. Akachukua muhogo mwingine, akaugeuza mkononi akitafuta pa kuanzia kisu.